Msuko Ukutani

Kabla hujaigusa, Kenyangi, tazama ukutani.
Kile kilichoning'inia msumarini, kando ya kalenda,
si mkia wa mbuzi. Ni msuko wangu.
Mashine hii, isiyozidi hindi la kuchoma,
iliudaka mwaka nilioanza kazi,
ikausokota hadi karibu na sikio
kabla fundi hajaruka kung'oa plagi.
Sikulia. Nilinunua kitambaa.

Basi funga nywele. Vua pete, hata hiyo ya uchumba;
Rutahigwa hatakuacha kwa kidole kitupu.
Kwa kidole kisichokuwepo, sijui.
Kunja mikono ya blauzi ivuke viwiko.
Miwani imekwaruzika, lakini vaa:
kila mkwaruzo uuonao hapo
ulikuwa safarini kwenda kwenye jicho la mtu.
Na barakoa usiishushe ili upige soga.
Vumbi la pembe ni jepesi, halina haraka,
huingia kifuani likakaa
kama mgeni aliyesahau kwao.

Leta sasa pembe yako.
Bihogo, ulisema, mwekundu wa damu ya mzee,
aliyeletwa kwa mahari ya dada yako
akafia mlangoni pa zizi, kiangazi, na mimba tumboni.
Unataka vifungo vya gomesi ya mama.
Viwili tu, vya begani.

Ibane kwenye jiliwa. Usiishike mapajani
kama unamenya matoke.
Ncha iingie hadi kooni mwa mashine,
irudishe unywele mmoja, kaza kwa ufunguo,
na ufunguo utoke, uwekwe mezani, uuone kwa macho yako.
Iache izunguke hewani kwanza.
Hesabu hadi thelathini, uso pembeni.
Kisagio chenye ufa
hupasukia hapo, bila mtu njiani.

Ishike kama kalamu.
Hilo ni shoka. Nimesema kalamu,
kama unamwandikia mtu
usiyetaka ajue kwamba unatetemeka.
Usikandamize. Kinachokata ni mwendo, si bega lako.
Sikiliza: ikiimba, inakula;
ikiguna, umeilemea.
Na ukinusa nywele zinaungua, safari hii si mimi,
ni pembe: punguza kasi, nyanyua, ipoe.
Gusa, inua. Gusa, inua.
Umewahi kumwona kuku akisukuma mtama?
Hudonoa.

Akadonoa.
Kifungo cha kwanza kikaanza kujitokeza,
rangi ya chai ya rangi iliyoshikwa na jua,
na mshipa mweupe umekatiza katikati.
Mkono wake ulikuwa umeacha kuniuliza.

Ndipo umeme ukakatika.
Rwebikoona nzima: kinyozi akasonya,
redio ya duka la dawa ikameza neno,
na chumba chetu kisicho na dirisha
kikajaa giza lenye harufu ya ng'ombe.
Nikafungua kinywa nimwambie lile nililolisahau,
la mwisho, kubwa kuliko yote:
kwamba umeme ukiondoka hauagi,
na ukirudi haubishi hodi.

Sijatamka, nikasikia gizani
tki.
Kidole chake. Swichi.
Halafu plagi, ikitoka ukutani taratibu.

Tulikaa hivyo, hatusemi.
Muda gani, sikupima. Nje mtu alikuwa anakaanga mihogo.

Uliporudi, taa iliruka, kinyozi akashangilia,
redio ikaendelea katikati ya tangazo la mbolea,
na mashine ikabaki mezani, imelala ubavu,
haina habari na mtu.
Kenyangi alikuwa anapapasa kitambaa chake,
macho kwenye msumari.

"Ulikuwa mrefu," akasema.

Ulikuwa mrefu.
Chomeka plagi, vaa miwani.
Kimebaki kifungo kimoja na nusu.