Mkalimani wa Kadutu

Miaka kumi na moja nimeuza ulimi wangu
kwa dola kumi kila mkutano
na fanta moja, ikiwa imebaki.
Mheshimiwa anasema Kifaransa kule juu ya jukwaa,
mimi namshusha hadi kwenye udongo wetu mwekundu,
taratibu, kama mtu anayeshusha kabati
kwenye ngazi za Funu bila kugonga ukuta.

Akisema "tutalishughulikia haraka iwezekanavyo,"
nasema "tutalishughulikia."
Haraka niliiacha njiani.
Nilikuwa naona haya.

Na watu wakijibu, nawapandisha wao.
Hapo ndipo dhambi yangu ilipo.
Mzee Cishugi alisema: "Daraja mulilozindua mara mbili
lingali mbao tatu."
Nikapandisha: wananchi wanalikumbuka daraja.
Vijana wa Nyamugo walipiga kelele: "Muongo!"
Nikapandisha: vijana wana hamasa.
Mheshimiwa akapunga mkono,
nami nikapewa fanta yangu.

Alhamisi ile mvua ilikuwa imekatika asubuhi,
Kawa bado ikinguruma na sufuria za watu.
Turubai la bluu, viti vya plastiki, spika inakohoa.
Mama Cibalonza akasimama. Hakulia.
Kiatu cha mtoto, cha mguu wa kushoto,
alikuwa amekivaa vidoleni
kama anayetaka kukipiga kiwi.

"Miye siombi pesa. Siombi mabati.
Kila mwaka munasema ukuta wa kuzuia udongo unakuya.
Tuliwaamini, njo maana hatukuhama.
Naomba kitu kimoja tu:
museme hamuna."

Kisha akanitazama mimi, si yeye.

Nikatafuta Kifaransa laini. Ninacho kingi,
nimekikunja vizuri kama shuka za wageni.
Hakuna shuka iliyomtosha mtoto yule.
Nikasema kama alivyosema.
Na pale alipotua, nikatua,
kimya chake nikakipandisha chote.

Mheshimiwa akajibu dakika tisa.
Mpango. Wafadhili. Uchunguzi. Awamu ya pili.
Akajipangusa midomo, akanipa kipaza sauti.
Watu wakangoja,
hata wale wanaojua Kifaransa kunishinda.

"Amesema hawana."

Sikulipwa. Mtu wa itifaki alikuja kunifunga kifungo cha koti
kwa upole kabisa, akaniambia nisalimie nyumbani.

Jumamosi Mama Cibalonza akahama.
Tulishusha kitanda chake, yeye mbele, mimi nyuma,
ngazi zikiteleza, jirani akishika godoro.
Katikati, bila kugeuka, akaniuliza:
"Weye ulijua tangu lini?"

Uzito wote ulikuwa upande wangu.
Hapakuwa na mtu wa kunitafsiria.
"Tangu mwanzo," nikasema,
na kitanda kikagonga ukuta.