Lebo ya Bei

Miaka kumi na tisa napokea makoti
katika studio ya katuni, ghorofa ya pili, hapa Łódź.
Hakuna aliyewahi kuniuliza, lakini mimi
ndiye wa kwanza kuona walichovaa ndani.

Februari ni mwezi wa usaili wa tarajali.
Theluji imekuwa uji wa kijivu barabarani,
nao huja na viatu vyao vya maana ndani ya mfuko wa plastiki,
hubadilisha pale ngazini, mguu mmoja juu kama korongo,
wakidhani siwaoni.

Barua ya ofisi imewaambia: Vaa unavyojisikia.
Maskini! Heri wangeambiwa wavae tai.
Anayejisikia kutapika avae nini?

Nimeona suti ya baba, mabega yakimtangulia kijana mlangoni.
Nimeona nyeusi tupu, tangu kofia hadi soksi.
Mwaka fulani alikuja mmoja na shati la vifungo vya rangi saba;
alipowaona wenzake kwenye benchi
akavikata kwa meno, kimoja kimoja,
akanimwagia kiganjani, akaingia ameshika shati kwa mkono.
Bado ninavyo, kwenye kopo la pini.

Na bwana Zbylut, anayewasaili,
huvaa sweta ile ile, viwiko vimetoboka,
gundi ya vikaragosi imekauka kwenye suruali.
Lakini yeye ana kazi tayari.
Ukishaajiriwa, tundu ni cheo.

Jumanne akaja Dobrochna, dakika ishirini kabla ya saa.
Nikapokea koti lake, zito kwa maji.
Ndani, jaketi rangi ya haradali, mshono umekaa,
na nyuma ya shingo
lebo imechungulia: zloti mia tatu themanini na tisa.
Alikuwa ameifungia ndani kwa pini, pini ikafunguka.

Nikaelewa. Kesho ingerudi dukani, na risiti.

Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Labda. Mimi siku ya kuomba kiti hiki
nilivaa viatu vya dada, namba thelathini na nane;
mguu wangu ni arobaini.
Nilikenua meno asubuhi nzima kwa maumivu,
wakasema nina uso wa kupokea wageni.

"Una uzi hapa," nikamwambia.
Nikairudisha lebo, nikafunga pini.
Shingo yake ilikuwa ya moto kama pasi.
Hakugeuka. Alisema tu, "Asante, bibi,"
kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hakuna uzi.

Alikaa humo dakika arobaini.
Mara moja nikamsikia Zbylut akicheka,
na Zbylut hachekagi kabla ya chakula.

Alipotoka, mkono wa kulia, karibu na kifungo,
palikuwa na tone la gundi, dogo kama dengu.
Walikuwa wamempa kikaragosi akishike,
akakishika kwa mikono miwili, kama mtoto,
akasahau amevaa nini.

Akalitazama tone. Akalikwaruza kwa ukucha.
Akanitazama mimi.

"Una mkasi?"

Nikampa.
Kama walimchukua sijui, barua hazipiti mezani kwangu.
Najua aliikata lebo mwenyewe, kwa kupapasa,
akaiweka juu ya daftari la wageni,
akavaa koti lake bichi juu ya jaketi
ambalo sasa lilikuwa lake.

Nimeitia kwenye kopo, pamoja na vile vifungo.