Mwisho wa Shaame

Msinambie habari ya sehemu ya saba.
Nimeiona. Juzi usiku, kwenye simu,
ndani ya chandarua, mimi na sayari zao,
na ilipokwisha nilisonya
hata mume wangu akauliza nani kaniudhi.

Mimi nilianza na ile ya kwanza. Wete, Limbani,
banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga,
kiingilio shilingi hamsini
au kibaba cha karafuu, na Faki mlangoni
akizivunja kwa kucha kujua kama zimekauka kweli.
Tulikaa juu ya magunia. Televisheni ya inchi kumi na nne,
mbingu nzima ndani yake, na mende mmoja
akivuka kutoka nyota hadi nyota bila ya suti.

Mfasiri wetu alikuwa Shaame Kombo,
Kiingereza cha kuokoteza,
maiki imefungwa kitambaa isipige kelele.
Ndiye aliyetwambia kuwa wale wenye macho matatu
si majini, jamani, kaeni,
ni watu wa kwao.
Tangu hapo nimesoma maneno mengi ya watu wazito
juu ya mgeni na mwenyeji.
Sijaona lililokaa kama lile.
Ni watu wa kwao.

Nahodha alikuwa mwanamke. Shaame hakulificha hilo.
Alimwita Bi Nahodha, na wavulana wakacheka
mpaka alipolitandika teke lile roboti.

Basi Bi Nahodha kafika kwenye mlango
wa mwisho, mwekundu, upande wa pili kunagongwa,
mkono uko kwenye komeo,
diski ikakwama.
Kila siku. Hapo hapo.
Faki akaitoa, akaipulizia, akaipangusa kwa shati,
akaisugua kwa dawa ya meno.
Haikusogea.
Na Shaame, kwa kuwa karafuu za watu zilishauzwa,
akaendelea kusema juu ya picha iliyoganda.

Siku moja alisema: kafungua, kamkuta mamaake.
Ijumaa ikawa: kafungua, kakuta mlango mwengine.
Siku ya mvua, tulipokuwa watano tu,
mabati yanapiga kelele kuliko jenereta,
alisema: kaiweka bunduki chini.
Kaitikia: Karibu.
Na kile kitu kilichokuwa kikigonga kikanyamaza,
maana kimezunguka nyota zote kikipiga hodi
na hakijaitikiwa hata mara moja.

Hatukupiga makofi. Tulitoka kimya, tukarowa.

Mbarouk, binamu yangu, ndiye aliyeniletea filamu yenyewe,
nzima, safi, maandishi chini.
Bi Nahodha anafungua, anafyatua,
kila kilicho nyuma ya mlango kinakuwa jivu,
muziki unapanda. Basi.
Kutoka kwenye jivu lile wakazizaa nyengine sita.
Dunia imeangamia mara tano
na hata mara moja haikupitia Wete,
kwa hiyo sisi tumebaki, na hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Mbarouk ananibishia: ule ndio mwisho wa kweli,
wenyewe ndivyo walivyoitunga.
Wenyewe nani? Mimi nililipa kibaba.
Nilizichuma kwa mkono, nikazichambua vikonyo,
nikapigwa kwa ajili yake nyumbani.

Idi iliyopita nilimkuta Shaame bandarini Mkoani,
anauza vocha na chaja, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja.
Alinikumbuka kwa jina la mama.
Tukazungumza bei ya karafuu, maradhi ya Faki.
Halafu akasogea, akashusha sauti
kama mtu anayeulizia deni la zamani:
"Hivi yule Bi Nahodha. Alifungua?"

Nilikuwa nayo mkobani, kwenye simu, safi, nzima.

Nikamwambia hata yangu
imekwama hapo hapo.