Saa Isiyo na Mshale

Miaka arubaini, saa nimezifungua,
Pale kwetu Ngamiani, kila sauti najua,
Ipi ina vumbi ndani, ipi maji yaiua,
Hii yake kifuani, si yangu kuifungua.

Mwanakheri kuinama, apulize moto wake,
Kiza kikamuandama, kaanguka peke yake,
Kule Bombo wakapima, wachelewa moyo wake,
Nikawaza: yasimama saa, nami fundi wake!

Mhandisi wa mitambo, binti wa kule Muheza,
Akanionyesha umbo dogo, nikaligeuza,
Halina mshale, pambo, titani isiyooza,
Waya kama wa urembo, mshipani hupenyeza.

Nikauliza: "Hugonga kama saa, kila mara?"
Akajibu: "Huuchunga moyo, haina papara.
Ukitwanga, ukitwanga, hunyamaza kwa busara,
Ukipitiwa, hulenga pigo moja la ishara."

Saa zangu hazijali, mwenyewe kalala, kafa;
Hii huhesabu hali, na hujaza penye ufa.
Betri yake yahimili miaka kumi, ndo yafa.
Nami fundi nakubali: hiyo kazi ina sifa.

Usiku namsikia, akikoroma karibu,
Saa za dukani, pia, zagombana, hazijibu,
Yake moja yatulia, husikiza bila gubu,
Sikio nikitegea, kimya. Na kimya ni jibu.

Chaki juu ya mlango, kama saa ya mteja:
Mwanakheri binti Sengo, na mwaka tunaongoja.