Wenye Miwani

Kusini, Uingereza, hesabu ndege mia:
labda mmoja ana duara jeupe jichoni.

Hapa Faroe, Sunnvá kalala kifudifudi ukingoni mwa genge,
kamba kiunoni, penseli menoni,
shombo la samaki na kinyesi likimpanda puani.
Thelathini na mbili wenye miwani.

Mjomba Jógvan, mshika kamba,
amewahi kuvua hadi kwenye barafu.
Huko, asema, ni nusu kwa nusu.

"Sasa wanabadilikia wapi?"

Sunnvá atazama bahari. Haina mstari.
Kila jabali huzidisha chembe tu,
kama chumvi ya mpishi asiyepima.

Kamba yatikiswa.
"We! Umelala?"

"Thelathini na tatu," anajibu.
"Huyu alikuwa amenipa kisogo."