Klai

Mwaka wa kwanza niliuliza itanichukua muda gani.
Msimamizi, Mbaluchi wa Saham, akagonga kalamu mezani:
"Kithai? Wewe, Mwatumu?
Mpaka mkataba uishe, usaini mwingine,
na huo nao uishe."

Pranom hakujibu. Alielekeza kidevu kwenye mashine namba nne,
ile inayotetemeka kama inadaiwa,
akainua vidole vitatu. Masomo matatu kwa siku,
kila moja urefu wake mfuo mmoja,
tangu shuka zinapoingia chafu hadi mlango ulie.

Chumba cha kufulia kiko chini ya hoteli, Sohar.
Jua la Juni hatulioni, tunalinusa
kwenye mataulo yanayorudi kutoka bwawani.

Somo la kwanza: maa.
Inyooshe, ni njoo.
Ianzie juu, ni farasi.
Ishushe kidogo kisha uipandishe, ni mbwa.
Mimi mtu wa Pangani, kwetu sauti hupanda
pale mtu anapouliza, basi;
saa ya chakula nikamwita kwa adabu: "Maa?"
Nikawa nimemwita mbwa
mbele ya Wafilipino wawili na sinia la wali.
Alikuja. Akabweka. Akavuta kiti.

Niliacha kuhesabu miezi, nikahesabu mifuo.
Mifuo mia: niliweza kuomba chumvi.
Mia sita: nilielewa mzaha wake,
siku mbili baada ya yeye kuutoa,
nikacheka peke yangu kwenye lifti ya mizigo.
Elfu moja na ushei: niliota
muuza samaki wa kwetu ananidai chenji kwa Kithai,
nami nabishana naye, na sikosei.

Yeye alitaka Kiswahili kwa malipo. Nikampa paa.
Paa la nyumba. Paa wa porini.
Kupaa angani. Kupaa samaki magamba.
"Sauti ile ile?" Ile ile.
"Zote?" Zote.
Akaweka pasi chini.
"Sasa mtu anajuaje?"
Nikafikiri. Sikuwahi kuulizwa.
"Anangoja maneno mengine."
Akasema lugha yetu ndiyo ngumu,
haina pa kushika.

Kisha likaja somo ambalo sikulisamehe: klai.
Ikishuka, ni karibu.
Ikinyooka, ni mbali.
"Nani alilitunga hivi?" niliuliza kwa hasira,
mifuo mitatu imekwisha na bado nachanganya.
Pranom alikuwa anakunja foronya.
"Mtu ambaye hajawahi kusafiri."
Nikamwambia kwetu karibu ni jirani,
na karibu ni ingia ndani, uketi.
Hilo alilipenda. Alilibeba wiki nzima,
akawakaribisha mashuka, akamkaribisha Mbaluchi,
akaikaribisha namba nne ilipogoma.

Mkataba wake uliisha kabla ya wangu.
Aliniachia mafuta ya kuchulia mabega
na daftari lenye mishale: huu juu, huu chini,
huu umelala kama mgonjwa.

Jana alipiga, kutoka kwao Udon.
Mtandao mbovu, sauti inafika bapa
kama shuka iliyopita kwenye rola.
Nikamuuliza, kwa Kithai, sikuogopa:
kutoka uwanja wa ndege hadi kwenu, vipi?
Akasema: klai.

Lilifika limenyooka,
lakini kila kitu kilifika kimenyooka,
kikohozi chake, jogoo nyuma yake,
hata jina langu, ambalo yeye peke yake
hulitamka kwa ngazi.
Nikasema, rudia. Akarudia.
Miaka mitatu na nusu, na sikujua
kama ananiambia nisijisumbue
au ananiambia nije.

Simu ikakatika.
Namba nne imelia, shuka ziko tayari, za moto.
Nimesimama na simu sikioni,
nangoja maneno mengine.