Daftari la Wadaiwa

Mguu wangu wa kulia ndio uliokanyaga cherehani.
Wa kushoto ulikuwa msindikizaji tu,
kama mume wa mwenye ndizi siku ya soko Kiboriloni.

Ijumaa ya masika, saa moja na robo usiku.
Taa ya Majengo ilikufa tangu Krismasi.
Maji yalikuwa yamesawazisha kila kitu, lami na mtaro rangi moja.
Nikakanyaga maji,
na chini ya maji hapakuwa na mji.

Mifupa miwili, walisema Mawenzi. Vyuma vinne.
Kitenge cha Mama Eligiva nilichokuwa nimekibeba
kilikwenda na mtaro. Nikamlipa mwezi uleule.
Sikumwambia alete maombi kwa nakala tatu.

Wiki ya saba nikarudi na magongo,
tepu shingoni kama siku zote, nikalipima shimo.
Inchi ishirini na sita kwa thelathini na nane.
Kina arobaini na moja, na bado tope.
Nikaandika kwenye daftari la wateja,
kati ya nyonga za Ndeanasia na mabega ya mchungaji.

Manispaa wakasema mtaro ni wa watu wa barabara.
Watu wa barabara wakasema lami ni yao,
lakini lami inaishia pale nilipoanza kuanguka.
Watu wa maji wakasema yale yalikuwa maji ya mvua,
na mvua haina mita.

Kundaeli wa masjala, kijana mpole, akaninong'oneza:
Serikali haishtukizwi, mama.
Hupigiwa hodi kwa maandishi, kisha husubiriwa siku tisini.
Nikamuuliza: na shimo, lilinipa mimi siku ngapi?
Akagonga muhuri. Wino ulikuwa umekauka, akagonga tena.

Kwenye fomu kulikuwa na mstari: thamani ya kiungo.
Ningeijua bei yake
ningeuuza ule mwaka ada ya Itikija ilipokwama.
Nikahesabu gauni, sare za shule, mashuka ya hospitali ileile,
nikafika mahali penye kupanda ngazi za kanisa,
nikaweka kalamu chini.

Usiku wa siku ya themanini na nane nikasikia koleo.
Asubuhi pana kifuniko kipya, saruji mbichi,
na kuku wa jirani ameshapita juu yake kutia saini.
Siku ya tisini na tatu ikaja barua:
Tumekagua eneo tajwa na kubaini kwamba hakuna shimo.

Ni kweli. Hakuna.
Wahenga walisema sana juu ya ufa na ukuta;
juu ya mtaro walituachia wenyewe.
Mimi najua la ufundi wangu tu:
miaka thelathini na moja nashona,
sijawahi kukiona kiraka kwenye nguo isiyotoboka.
Wakili alicheka, halafu akaomba nirudie polepole, aandike.

Mlima siku ile ya kuanguka ulikuwa umejifunika,
hauwezi kuitwa shahidi.
Kuku wameshamchinja.

Kesi ilipangwa kutajwa Mei. Ikatajwa.
Itatajwa tena.
Najifunza kukanyaga kwa kushoto; mshono unapinda kidogo,
wateja wananiambia haionekani,
nami nawapunguzia bei kwa kunidanganya vizuri.

Watoto wanarukia kifuniko wakitoka shule,
kinagonga kama ngoma, kigumu, kizuri.
Sina ugomvi nacho. Kingekuja mapema tungezoeana.

Jana nimefungua ukurasa mpya wa daftari.
Jina: Manispaa.
Vipimo: ishirini na sita kwa thelathini na nane.
Kazi: mguu mmoja, wa kulia.
Ametanguliza: barua nne.
Baki:
hapo nimepaacha wazi.
Wao ndio mafundi wa kufunika.